Upepo ikipiga ku Kivu: vile munaendesha boti ya tanga ya watu wawili

Hii ni ya wale wenye wanajua tayari kutembeza boti ya tanga upepo ikiwa polepole, lakini ziwa ikianza kutoa povu nyeupe wanakunja tanga wanarudi nyumbani. Kama bado unasumbuka kugeuza boti, anzia kule kwanza, fanya mazoezi ya asubuhi, hii itakungojea.

Naongelea boti ya mbio ya watu wawili, kama zile zinaitwa 420 ao 470. Mmoja anashika usukani na kamba ya tanga kubwa, mwenzake anashika foki (tanga ndogo ya mbele) na anatoka inje ku trapezi, ule waya unatoka juu ya mlingoti. 470 iko na urefu wa mita 4,70, gamba yake ni kilo 120, na tanga zake mbili zinapita mita kare 12. Fanya hesabu: nyinyi wawili munaweza kuwa na uzito kupita boti yenyewe, donki miili yenu njo inashikilia boti isilale, hakuna kitu ingine. Huku kwetu hizi boti ni za kuhesabu ku vidole, ukiteremusha moja pale Himbi, ku Goma, watoto watakuuliza moteri iko wapi, na watu wazima pia, ila wao wanauliza kwa sauti ya chini.

Boti ya hivi inapinduka saa imelala na imepunguza mbio, na mara mingi mwenye usukani njo aliipunguza mbio juu ya woga. Ni sawa na tshukudu (ile kinga ya mbao ya magurudumu mawili) yenye mizigo: ikiwa inatembea inakaa wima yenyewe, ikisimama tu na unaishikilia kwa nguvu, iko njiani kuanguka. Mengine yote yenye nitasema hapa chini yanatoka hapo.

Jua upepo yako kwanza

Ku Kivu asubuhi maji inakuwa imetulia. Kuanzia saa tano ao saa sita, jua ikishapasha inchi kavu, upepo inatoka ku maji inapanda ku inchi, na usiku inageuka, inashuka ku milima inaenda ku ziwa. Hiyo ni ya kila siku. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, inaongezekeana na upepo ya kusini-mashariki, na juu ziwa yetu imelala kusini-kaskazini kwa kilomita karibu 90, upepo ya kusini iko na nafasi mingi ya kukuza mawimbi mbele ya kufika Goma. Bukavu muko mumejificha kidogo nyuma ya zile pembe za inchi zenye zinaingia mu maji, na Idjwi iko kule katikati inakinga. Goma tunapokea yote, na tunaipokea ku mawe, juu pembeni yetu mingi ni lava, ya zamani na ile ya 2002 yenye ilishuka mpaka mu ziwa. Boti ya fiba ikisukumwa pale na mawimbi, utaokota vipande. Kwa hiyo ku Goma swali ya kwanza kila siku ni hii: upepo inanisukuma wapi kama kitu kikivunjika?

Angalia maji, haidanganye. Povu hapa na pale, upepo iko karibu noti 10 (noti ni kipimo ya mbio ya upepo). Povu kila fasi, umekaribia 15. Povu mingi na matone yanaanza kuruka, uko mu noti 17 mpaka 21, ni kusema kilomita 31 mpaka 39 kwa saa, na hapo njo naita upepo nguvu. Ikipita 22 na hamujazoeana nyinyi wawili, mubakie inchi kavu muangalie wengine. Ujue pia kama upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake ku tanga inazidi mara ine, donki noti 20 si "noti 10 na kidogo", ni kitu ingine kabisa. Tuko na zawadi moja ndogo: Kivu iko ku mita karibu 1.460, hewa ya huku iko nyepesi kuliko ya bahari kwa kama asilimia 13, noti 20 ya hapa inasukuma kidogo kuliko noti 20 ya Marseille. Lakini usijivune, ukiwa mbele ya rafali (upepo yenye inapiga gafla) hautasikia hiyo tofauti.

Mvua ni habari ingine. Ukiona pazia nyeusi ya mvua inashuka juu ya maji, na hewa yenye ilikuwa ya moto inakuwa baridi gafla, uko na dakika chache tu, rudi. Usiseme "tumalizie hii mzunguko". Huku kwetu radi ni mingi kupita karibu fasi zote za dunia, Kabare pale juu ya Bukavu iko ku liste ya kwanza-kwanza, na wewe uko katikati ya maji wazi na mlingoti wa aliminiumu.

Mbele ya kuingia mu maji

Kila mutu avae jile ya kuelea na aifunge yote, ile ya kuachia wazi ju ya picha haisaidie mutu. Kisu kidogo kwa kila mutu, fasi mukono inafika bila kutafuta, juu mutu anaweza kunasika ku kamba ao ku waya wa trapezi chini ya tanga. Mutu mmoja ku inchi ajue mumetoka saa ngapi na mutarudi saa ngapi, na muzuri zaidi kuwe boti ya moteri yenye iko tayari, na moteri imejaribiwa siku hiyo, si "jana ilikuwa inawaka". Telefone mu mfuko wa kuzuia maji. Na vitambulisho, ndiyo, vitambulisho: kutoka Goma upepo inaweza kukupeleka maji ya Gisenyi, kule Rwanda, haraka kuliko unavyofikiri, na kule hawatajua kama ulikuwa unafanya mchezo.

Kisha tanga. Upepo nguvu inataka tanga iliyonyooka, isiyo na tumbo. Kaza kamba ya mwisho wa bome (ule mti wa chini ya tanga kubwa), kaza kaningamu (ile inavuta ukingo wa mbele wa tanga chini) mpaka mikunjo iishe, na kaza aleba, ile kamba inavuta bome chini, kaza sana ukienda kukata upepo, ni kusema kupanda kuelekea fasi upepo inatoka. Bila aleba, ukilegeza tanga kidogo bome inapanda, tanga inafunguka juu inajaa tumbo chini, boti inakuwa nzito ku usukani. Puli za foki, pale kamba yake inapita, zirudishwe nyuma kidogo ili juu ya foki ifunguke. Deriva, lile bao la katikati lenye linashuka mu maji, upandishe kidogo tu, kama robo: boti itapunguza kulala na usukani itakuwa nyepesi. Watu wenye uzito mdogo wafanye hivi mapema, wenye kilo mingi wanaweza kungoja.

Kutoka ku beach na upepo inakuelekea: mmoja asimame mu maji ashike pua ya boti, ielekee upepo, tanga zipigepige bure, mwengine apande aweke usukani na deriva chini vile kina inaruhusu. Usipandishe tanga boti ikiwa imekaa kiubavu na upepo, itaondoka bila wewe.

Kwenda kukata upepo

Sasa muko inje, upepo inatoka mbele upande, wa trapezi iko inje ku waya, wa usukani amekaa ku ukingo miguu chini ya mikanda. Boti ibakie sawa, isilale. Narudilia, isilale. Watu wanapenda kuona boti imelala, inatoka muzuri ku picha, lakini boti yenye imelala inakwenda kiubavu, na usukani unaanza kuvuta mukono. Ukisikia usukani unakuvuta nguvu, usipigane nayo, ile ni boti inakuambia legeza tanga.

Rafali inaonekana. Ni kivuli cheusi chenye vikunjo vidogo, kinakuya juu ya maji kinafunika yale mawimbi mengine. Wa trapezi njo anaona muzuri, iko juu na mikono yake haina kazi mingi, basi yeye njo aseme. Asiseme hotuba. "Inakuya… tatu, mbili, moja, sasa." Ku "sasa" wa usukani analegeza tanga kubwa, urefu wa mukono hivi, kabla boti haijaanza kulala, wote wawili wananyoosha mwili inje, na ile nguvu yenye ilitaka kuwaangusha inageuka kuwa mbio. Mbio ikishakuya, unavuta tanga polepole inarudi fasi yake. Legeza, nyoosha, vuta, hiyo mpangilio. Wengi wanafanya kinyume, wananyoosha kwanza na kungoja kuona, wakilegeza boti imekwisha lala na bome inagusa maji, na hapo hata ukilegeza haitoki tena.

Kamba ya tanga kubwa isifungwe ku kifungio chake hata dakika moja. Ibakie ku mukono. Mikono itauma, ndiyo, nunua glavu za kazi ukate vidole vya glavu. Ya foki inaweza kufungwa, lakini wa trapezi awe tayari kuifungua kwa kuvuta mara moja. Rafali ikiwa ndefu, unaweza pia kuinua pua kidogo kuelekea upepo, kidogo tu, ukingo wa mbele wa foki uanze kutetemeka. Ukizidisha boti inasimama, na boti yenye imesimama nimekwisha sema habari yake.

Kuhusu trapezi: upepo nguvu shusha pete yako, ile ya waya yenye unajifungia, mwili ulale karibu sawa na maji. Miguu iachane kadiri ya mabega, mguu wa mbele unyooke na uwe na nguvu, juu boti ikiingia mu wimbi inapunguza mbio gafla na wewe unaendelea kwenda, na ukianza kuzunguka mbele ya mlingoti umebaki na sekunde moja. Upepo ikipungua unakunja magoti, haukimbilie kuingia. Na mkono mmoja ubakie karibu na kishikio. Mwenye usukani asimwage rafiki yake mu maji kwa kugeuza bila kusema, hiyo inaharibu urafiki kuliko deni.

Mawimbi ya upande wetu wa kaskazini ni mafupi na yanasimama. Ukipanda wimbi inua pua kidogo, ukifika juu ilegeze ishuke upande, tanga ikilegezwa kidogo pamoja. Usiingie wimbi pua mbele ukiwa polepole.

Kugeuza kupita upepo: chagua fasi maji imetulia kidogo kati ya mawimbi, uwe na mbio, sema "tayari?", ungojee jibu. Wa trapezi anaingia, anajifungua, wa usukani anasukuma usukani kwa mwendo mmoja, si kwa kuuchapa. Foki unaiachilia saa inaanza kujaza upande mbaya, si mbele. Mukikwama pua ikiwa ku upepo na boti inaanza kurudi nyuma, musipige makofi na usukani. Sukumeni bome upande moja, sukumeni usukani upande ule ule, boti itarudi nyuma ikigeuka, kisha vuta vyote viwili na muende.

Kugeuka kufuata upepo, hapa njo watu wanapinduka

Kutoka kukata upepo na kuanza kuufuata, kuna kipande ya sekunde chache yenye boti inapokea upepo yote kiubavu. Mambo matatu mbele ya kugusa usukani: legeza aleba mingi, wote wawili murudi nyuma hatua moja, boti iwe sawa kabisa. Kisha legeza tanga kubwa huku unavuta usukani, tanga ianze kutoka mbele ya pua kugeuka. Wa trapezi abaki inje. Kama boti imelala, usukani haitafanya kazi, unaweza kuuvuta mpaka uvunjike, boti itaenda paka ku upepo. Na kama aleba imekazwa, bome itachota maji, boti itajikwaa na mwisho.

Ukishapita hapo, furaha inaanza. Upepo ikiwa kiubavu-nyuma boti inapanda juu ya maji inateleza, maji inaruka pande zote mbili, na upepo inaonekana imepungua juu sasa unaikimbia pamoja nayo. Mukae nyuma, wote karibu karibu. Rafali ikikuya, huku unafanya kinyume na ile ya kukata upepo: unashuka nayo, unaelekea mahali inaenda. Upepo ikipungua unainuka kidogo kutafuta mbio. Fungua tundu ya kunyonya maji chini ya boti, mbio itakausha sakafu bure.

Usiende upepo ikiwa nyuma kabisa. Najua inaonekana ni njia fupi, lakini boti inaanza kuyumba kushoto kulia, kila mara zaidi, mpaka inawaangukia upande wenye hamukungoja. Piga kona, kaa na upepo ku bega, deriva nusu chini, bome isifunguke mpaka kugusa waya. Na spi, ile tanga kubwa ya tumbo ya kufuata upepo, iache mu mfuko wake. Kama hamujapandisha spi mara mingi mu upepo ya kawaida, noti 20 haiko siku ya kujifunza.

Kuhamisha bome ukiwa na upepo nyuma, wengi wanaogopa wanapunguza mbio kwanza. Hapana. Fanya saa boti iko na mbio kubwa, inateleza ku mgongo wa wimbi, juu saa ile upepo yenye tanga inasikia njo iko kidogo. Sema, kichwa chini, wa trapezi avute bome kwa mukono, na saa bome inapita katikati wa usukani anarudisha usukani kidogo upande mwengine ili boti isijizungushe ku upepo. Usukani ukae katikati mpaka muwe mumekaa muzuri. Kama moyo haiko tayari, panda juu ugeuze kupita upepo kama kawaida, uzunguke, utapoteza sekunde 20 na mlingoti utabaki muzima.

Mukipinduka

Mutapinduka. Kitu ya kwanza kila mutu aite jina ya mwenzake na asikie jibu. Kama hajibu, habari ya boti inaisha, umutafute chini ya tanga, ku waya. Maji ya Kivu ni digri 23, 24, haitakuua kwa baridi haraka, lakini mukikaa saa moja na upepo mutatetemeka na nguvu itaisha. Mubakie na boti. Pembeni inaonekana karibu siku zote, na haiko karibu.

Fungueni kamba ya tanga, ya foki, na aleba. Mmoja, mwenye uzito, azunguke apande ku deriva. Mwengine abakie upande wa ndani, alale mu boti ikiwa kiubavu, ashikilie mukanda wa miguu, ili boti ikiinuka imuchote. Lakini mbele ya kuinua, angalieni mlingoti umelala upande gani. Kama umelala upande upepo inatoka, mukiinua tanga itashika upepo na itawaangukia tena upande mwengine, basi mmoja aende ashike pua, miguu mu maji, boti itazunguka yenyewe mpaka pua iangalie upepo, kisha njo munainua polepole. Kama boti imegeuka chini juu kabisa, simameni ku ukingo, kamba ya foki ku mikono, mulale nyuma mungojee. Inachukua muda, mlingoti uko unasukuma maji mingi. Usirukeruke.

Ikishasimama, pumzikeni. Tanga zote zilegezwe, upepo ikiwa kiubavu, boti itakaa tu inapigapiga. Mukipinduka mara tatu mfululizo nguvu imeisha, iteni moteri, ama mushushe tanga kubwa na murudi na foki peke yake kama upepo inaenda upande wa nyumbani.

Kurudi ku mawe

Na upepo ya kusini, Goma, usifike ku beach na tanga kubwa juu. Simamisha boti mita mia moja inje, pua ku upepo, shusha tanga kubwa, ikunje mu boti, kisha ingia na foki tu, na ukikaribia fungua hata foki. Deriva na usukani viinuliwe mapema, wa mbele aruke upande wa upepo, asiruke kati ya boti na mawe. Mutafute fasi ya mchanga ao karibu ya kizingiti ya port, na mukae mbali na mitumbu ya kuvua sambaza (samaki ndogo) yenye imefungwa tatu-tatu na miti, nyavu zao ziko zinaning'inia na wenyewe wamelala mchana juu wanafanya usiku.

Ku inchi, pitisha vidole ku waya zote za mlingoti na za trapezi, na kitambaa, si mukono mtupu. Nyuzi moja ikiwa imekatika, ule waya umekwisha, badilisha mbele ya kutoka tena. Angalia vipini vya usukani, na kamba ya aleba fasi inapita ku puli, pale njo inalika kwanza.